Polaraiza Moshi inakubali, Arusha inagoma: ni feki au ni jua?

Msomaji mmoja wa Moshi, kijana anayepiga picha za harusi na sendofu halafu akipata nafasi anapiga mandhari, kaniandikia swali refu kidogo nalifupisha hapa. Amenunua polaraiza, ile filta ya kuzungusha inayofungwa mbele ya lenzi, ya milimita 58 kwa ajili ya lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-55. Asubuhi akiwa Moshi akiizungusha anga nyuma ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, linakuwa bluu nzito na barafu inajitokeza kabisa. Jumamosi akaja Arusha, jioni mlima ukafunguka, akapanda juu ya ghorofa la mshikaji wake akaupiga mlima ule ule na filta ile ile, akazungusha weee, hakuna kilichobadilika zaidi ya picha kuwa nyeusi. Mshikaji akamwambia umeuziwa feki. Tena kwenye gari la maharusi, boneti inatulia lakini bampa ya kromu inabaki inawaka vilevile. Anauliza, hii kitu inafanyaje kazi hasa, na je airudishe dukani?

Mdogo wangu, usiirudishe kwanza. Kwa maelezo yako filta yako ni nzima, na mambo yote uliyoyaona ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Ngoja nikueleze taratibu maana ukishaelewa hili hutakuwa unazungusha kwa kubahatisha tena, utakuwa unatazama jua liko wapi na unajua kabla hata hujafungua begi kama leo filta ina kazi au haina.

Mwanga ni wimbi, na wimbi hilo linatikisika kwa kukatisha njia linayopita. Fikiria kamba ya kuanikia nguo, ukiishika mwisho mmoja unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia, au mshazari, na kote huko wimbi linaenda mbele. Mwanga unaotoka kwenye jua moja kwa moja umechanganyika, unatikisika pande zote kwa pamoja hakuna upande uliozidi. Sasa polaraiza ni kama kibubu. Kile kitundu cha kibubu ni chembamba, shilingi ikija imelala sawa na kitundu inaingia, ikija imekatisha inagonga inabaki nje. Filta yako ina "kitundu" cha namna hiyo kwa mwanga, na ile ringi unayozungusha ndo inageuza kitundu kiwe wima au kilale.

Tofauti na shilingi ni kwamba mwanga uliokaa mshazari haukataliwi wote, unapita kwa sehemu. Kanuni yake inaitwa kanuni ya Malus, ukitofautiana na kitundu kwa nyuzi 30 bado robo tatu ya mwanga inapita, nyuzi 45 inapita nusu, nyuzi 60 inapita robo, na ni pale unapokaribia kabisa 90 ndo unazima. Hii ina maana kwenye vidole vyako. Ukizungusha haraka haraka unairuka ile sehemu yenyewe, kwa sababu mng'ao unazimika kwenye kipande kidogo tu cha mzunguko. Mimi nazungusha polepole mpaka naona imezima, naipitisha kidogo, halafu narudi.

Huyo Malus alikuwa Mfaransa, mwaka 1808 alikuwa anatazama kwa kupitia kipande cha fuwele jua la jioni lililokuwa linaakisi kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg kule Paris, akaona akizungusha fuwele ile akisi inapungua na kuongezeka. Yaani kitu kile kile unachofanya wewe juu ya boneti. Filta za leo zinatumia plastiki iliyovutwa mpaka molekuli zake zikalala upande mmoja kisha ikatiwa aidini, kazi ya Mmarekani Edwin Land mwaka 1938, mtu wa kampuni ya Polaroid.

Sasa tuje kwenye mlima, maana hapo ndo penye utamu.

Kwa nini filta ina kazi kwenye anga? Kwa sababu anga la bluu si mwanga wa moja kwa moja, ni mwanga wa jua uliogonga hewa ukatawanyika, na kutawanyika huko kunaupanga mwanga, yaani unatikisika zaidi upande mmoja. Ila hauupangi sawa kila mahali. Ukitazama kuelekea jua hakuna kitu, ukilipa jua mgongo ukatazama upande wa pili kabisa nako hakuna kitu, na ukitazama ubavuni, nyuzi 90 kutoka kwenye jua, hapo mwanga umepangika kuliko kote. Kwa hiyo angani kuna mkanda mpana unaozunguka, wote uko nyuzi 90 kutoka kwenye jua, na jua likitembea mkanda unatembea nalo. Polaraiza inafanya kazi kwenye huo mkanda. Nje ya mkanda inakula mwanga bure.

Kuna njia ya kuutafuta bila kifaa chochote. Nyoosha kidole cha shahada kulielekea jua, nyoosha na gumba ili vifanye kona kama ya fremu ya dirisha, halafu kidole kikiwa kimebaki pale pale kwenye jua zungusha kiganja. Kokote gumba linakopita ndo mkanda. Fanya hivyo Moshi saa moja asubuhi jua likiwa mashariki, utaona gumba linatoka kaskazini linapita utosini linashuka kusini. Na Kibo kutoka Moshi mjini iko wapi? Kaskazini, karibu kaskazini kamili. Yaani umesimama mahali ambapo jua la asubuhi liko mkono wa kulia na mlima uko usoni, ni nyuzi 90 bila kutafuta. Jioni jua linahamia mkono wa kushoto, mlima bado uko 90. Mtu anaweza kusafiri nusu ya dunia akatafute mahali pa namna hiyo kwa ajili ya filta, na we unapata ukiwa unasubiri daladala.

Tena kwa sababu tuko nyuzi 3 na kidogo tu kusini ya ikweta, Machi na Septemba jua linapanda karibu wima, linatoka mashariki linapita utosini linazama magharibi, na muda wote huo linabaki karibu nyuzi 90 kutoka Kibo ukiwa Moshi. Juni jua linachomoza limesogea kaskazini kama nyuzi 23 hivyo kona inapungua mpaka kama 67, Desemba linasogea kusini inakuwa kama 113, nguvu inapungua kidogo lakini bado utaiona. Kinachokuangusha mchana ni mawingu yaliyofunika mlima na ukungu wa vumbi chini, mwanga wa wingu haujapangika kwa hiyo filta hailiwezi. Ila hilo ndo linasaidia pale wingu likiwa dogo, kwa sababu bluu inashuka na wingu linabaki jeupe, barafu nayo inabaki nyeupe, tofauti inakuwa kubwa. Ule ukungu wa rangi ya bluu kati yako na mlima nao kwa sehemu ni mwanga uliotawanyika, kwa hiyo unapungua pia, miteremko inaonekana.

Sasa Arusha. Ukiwa Arusha mjini Kilimanjaro haiko kaskazini, iko mashariki imeegemea kaskazini kidogo, kama kilomita 80 hivi. We ulipiga jioni, jua lilikuwa magharibi nyuma ya mgongo wako. Kidole kwenye jua, halafu tazama gumba: linapita juu na pembeni, mlimani haligusi. Ulikuwa unatazama karibu upande wa pili kabisa wa jua, mahali ambapo anga halijapangika, kwa hiyo hata ungevaa filta ya bei ya pikipiki matokeo yangekuwa yale yale. Na ungeamka alfajiri ukaupiga kutoka pale pale Arusha ungekuwa unatazama upande wa jua, hamna kitu vilevile. Ukiwa Arusha na unaitaka polaraiza yako ifanye kazi geukia Meru, maana kutoka mjini ipo upande wa kaskazini, inakukalia kama Kibo inavyokaa kwa mtu wa Moshi.

Angalizo moja hapo. Lenzi yako kwenye 18 inaona upana wa karibu nyuzi 65, na mkanda hauna upana wenye nguvu sawa kiasi hicho, kwa hiyo utapata anga ambalo katikati ni bluu kama wino na pembeni limepauka, kama vile mtu kamwaga kitu. Huo sio ubovu na hakuna namna ya kulisawazisha vizuri baadaye. Vuta mpaka 35 au zaidi ukipiga anga, au punguza mzunguko usifike mwisho. Mimi siku hizi silipeleki anga mpaka mwisho kabisa hata kwenye lenzi ndefu, bluu inayokaribia weusi juu ya Kibo haipo, mtu aliyekulia Kibosho akiiona anajua sio anga la kwao.

Tukiacha anga, kazi ya pili ni mng'ao, na kwangu mimi hii ndo kazi kubwa kuliko ya anga, kwa sababu rangi ya anga unaweza kuichezea kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, lakini kilichofunikwa na mng'ao hakijaingia kwenye picha kabisa, huwezi kukirudisha.

Mwanga ukigonga maji, kioo, rangi ya gari, jani, au lami iliyolowa, ule unaoakisi unatoka umepangika kulala sawa na uso wa kile kitu. Unapangika kabisa kabisa kwenye kona moja maalumu, ambayo inaitwa kona ya Brewster kwa jina la Mskoti aliyeipatia kanuni mwaka 1815. Kwa maji ni kama nyuzi 37 kutoka kwenye uso wa maji, kwa kioo ni kama 34. Nenda chemchemi ya Chemka siku moja ujionee, usiende kuogelea tu. Simama ukingoni kwenye ile mizizi ya mikuyu, macho yako yakiwa kama mita 1.5 juu ya maji, sehemu itakayosafishika kabisa iko kama mita 2 mbele yako. Zungusha. Kwanza unaona anga na majani yamelala juu ya maji kama kitambaa cheupe, halafu kitambaa kinaanza kutoboka kuanzia pale mita 2, unaona jiwe, unaona mzizi umezama, samaki wadogo, mpaka mchanga wa chini na ile rangi ya maji yenyewe. Sasa bila kugusa filta inua kamera utazame mbali, kule ng'ambo, utaona kitambaa kimerudi. Kona imebadilika. Halafu elekeza kamera chini wima kabisa miguuni pako, mng'ao nao umerudi. Kwa hiyo kwenye maji unasogea wewe, unachuchumaa au unapanda juu ya jiwe, mpaka kitu unachokitaka kikae kwenye ile kona.

Na bampa yako? Chuma kitupu, kromu, aluminiamu, hata kioo cha kujitazamia, vinaakisi mwanga bila kuupanga namna ile, kwa hiyo filta haina cha kukamata. Boneti inatulia kwa sababu unachokitazama ni rangi na vanishi juu ya bati, sio bati lenyewe. Hivyo kwenye gari la harusi zima mng'ao wa boneti na kioo cha mbele ili maharusi waonekane ndani, na bampa iache au badili unaposimama.

Majani ni hivyo hivyo. Shamba la kihamba lenye migomba na kahawa mvua ikiwa imetoka kunyesha, kila jani lina nta juu na nta inaakisi anga jeupe, macho yanaona kijani lakini kamera inaona kijani kilichochanganywa na maziwa. Ukizungusha yale maziwa yanatoka. Hata siku ya mawingu mazito inafanya kazi, watu wengi wanaiacha nyumbani siku hiyo wakidhani ni ya jua tu, wakati kwenye miteremko ya Machame na Marangu siku ya mawingu ndo inalipa zaidi.

Lakini sura za watu uwe makini sana. Ngozi nayo inaakisi, na kwa ngozi zetu nyeusi ule mng'ao wa kwenye paji, pua na mashavu ndo unaochora umbo la sura. Ukiuzima wote bibi harusi anatoka bapa, kama picha ya kitambulisho. Mimi nikipiga watu naivua, na kama nimeiacha kwa ajili ya majani ya nyuma basi naizungusha nikiangalia shavu, silitazami jani.

Kingine kilichonifundisha ni upinde wa mvua. Nilipeleka wageni maporomoko ya Materuni, jua lilikuwa mgongoni, chini kwenye ule mvuke kukawa na upinde mzuri sana. Nikazungusha filta kuua mng'ao wa mawe yaliyolowa, mawe yakawa meusi safi, nikapiga picha nyingi nikiwa natazama mawe na maji. Jioni tukafungua picha, upinde juu haupo. Wageni walikuwa wameuona kwa macho yao na wakauliza umeenda wapi, na sikuwa na cha kuwapa. Mwanga wa upinde umeakisi ndani ya matone ya maji kwa hiyo na wenyewe umepangika, umelala kufuata mkunjo wa upinde. Juu kabisa ya upinde unalala usawa, sawasawa na mng'ao wa mawe, ukizima kimoja umezima na kingine. Ungegeuza filta robo mzunguko upinde ungewaka kuliko hata macho yanavyouona. Toka siku hiyo nikiona upinde napiga ya kwanza kwa upinde, ya pili kwa mawe.

Kuhusu giza ulilolalamikia, ni kawaida, polaraiza inakula kati ya stopu 1 na 2, na kila stopu ni kupunguza mwanga nusu. Kama shata yako ilikuwa kwenye 1/250 ya sekunde jiandae kushuka mpaka 1/60 au kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwanga wenyewe bado mdogo kwa hiyo beba miguu mitatu. Kule maporomokoni hiyo hasara inageuka faida, shata inashuka maji yanakuwa kama pamba.

Sasa kupima kama ni feki, fanya hivi nyumbani. Fungua laptopu, weka ukurasa mweupe, shika filta kama ilivyo kwenye lenzi yaani jicho lako upande wenye nati ya kukazia kwenye lenzi na uso wa mbele ukitazama skrini, zungusha. Skrini ikizimika na kuwaka, plastiki yako ni nzima. Jaribio la pili simama mbele ya kioo cha kujitazamia, funga jicho moja, shika filta mbele ya jicho lililo wazi huku upande wa nati ukielekea kioo. Kwenye kioo ile filta itaonekana nyeusi, jicho lako hulioni. Igeuze, upande wa nati uje kwako, jicho linaonekana. Ikifanya hivyo ni sekula kweli, CPL kama walivyoandika kwenye ringi. Kama ni giza lile lile pande zote mbili na jicho linaonekana kote, hiyo ni linia.

Tofauti yake ni kwamba sekula ina tabaka la pili nyuma, linalouvuruga tena mwanga baada ya kuuchuja ili uingie ndani ya kamera ukiwa unazunguka. Kamera ya DSLR ina kioo ndani kinachogawa mwanga kwenda kwenye fokasi na kwenye mita ya kupima mwanga, na kioo hicho kinapata shida na mwanga uliopangika upande mmoja, fokasi inayumba na mita inadanganya. Kamera ya mirolesi haina hicho kioo hivyo hata linia ingeiweza, lakini madukani nyingi ni sekula na haidhuru kitu.

Mambo madogo madogo kabla hujatoka. Zungusha filta kwa upande ule ule wa kukazia siku zote, watu wameangusha filta mtoni kwa kuizungusha kinyume ikafunguka. Toa filta ya UV kwanza usipachike moja juu ya nyingine, kwenye 18 pembe za picha zitakuwa nyeusi. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, tabaka zimegundishwa na gundi na joto linaziachanisha, utaona kama ukungu wa rangi unatokea pembeni. Vumbi la huku ni la volkano, linakwaruza, pulizia kwanza ndo ufute. Ukiwa ndani ya ndege au unapiga kupitia kioo cha pembeni cha Landikruza ivue, utapata madoa ya rangi rangi yaliyomo kwenye kioo chenyewe ambayo macho hayayaoni. Na kama siku hiyo umeisahau, miwani ya jua yenye polaraizi ukiiweka mbele ya kamera ya simu na kuigeuza geuza inafanya kazi ile ile, jaribu kwenye dimbwi lolote mvua ikikata.

Jumamosi nyingine ukija Arusha panda ghorofa lile lile asubuhi, mpe jua bega la kulia, geukia Meru na huyo mshikaji wako akiwepo, umshikishe kamera azungushe mwenyewe.